Mshale Usiosema Uongo

Kila alfajiri watu kwa maelfu huingia katika malango ya EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vitengenezavyo bidhaa za kuuzwa ng'ambo, ambalo mamlaka yake iliundwa mwaka 1990. Wengi wao hutegemea magari ya abiria, na gari likikwama njiani, si dereva peke yake apataye hasara.

Dereva mmoja wa kazi hiyo alinunua gari lake la petroli huko Mombasa. Kabla ya kulipa, alimwomba fundi alipime kwa geji ya vakyumu, yaani kile kisahani chenye mshale kionyeshacho jinsi injini ivutavyo hewa. Injini ilipokuwa ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, mshale ulisimama imara kwenye inchi 19 za zebaki. Akalipa kwa moyo mkunjufu.

Alipofika Athi River alipima tena, na mshale ukasimama kwenye 14. Kijana aliyepima akatikisa kichwa, akasema kuwa injini imechoka, sharti ifunguliwe na ringi zibadilishwe. Fedha aliyoitaja ilikuwa sawa na karo ya watoto wa dereva yule kwa muhula mzima.

Dereva akamwendea fundi mwingine, mtu mzima.

"Mzee, nimeuziwa gari bovu?"

"La, mwanangu. Umepanda mlima tu."

Mzee akamweleza kwamba pistoni zikishuka hunyonya hewa, na kwa kuwa kilango cha karbureta kimefungwa, upungufu wa hewa hutokea nyuma yake. Huo ndio upimwao. Pwani, injini nzima huonyesha kati ya 17 na 22. Lakini hewa ya nchi ya juu ni nyepesi, na kwa kila futi 1,000 za kupanda, mshale hupungua kama inchi moja. Athi River iko juu ya bahari kiasi cha futi 5,000. Basi 19 ya Mombasa ndiyo 14 ya Athi River.

Kisha akakanyaga mafuta ghafula na kuachia. Mshale ukaanguka karibu na sifuri, ukaruka hadi 20, ukarudi 14. "Ringi zikiwa zimekwisha," akasema, "hauruki hivyo."

Akamfundisha na dalili nyingine. Mshale ukitulia chini mno, huenda hewa inaingia penye ufa, au cheche zinachelewa. Ukidondoka kwa vipindi vilivyo sawa, valvu moja haifungi vema. Injini ikishikiliwa kwa mbio na mshale ukashuka polepole, ekzosi imeziba. Lakini injini ya dizeli haipimwi hivyo, kwa sababu kwa kawaida haina kilango cha kuzuia hewa.

Dereva akaandika katika daftari lake: "14, imara", pamoja na tarehe. Tangu siku hiyo hupima kila mwezi na kulinganisha, maana kipimo kimoja hakitoshi. Mabadiliko ndiyo yatoayo habari. Karo ililipwa, na gari bado hufika langoni kabla ya kengele. Mshale haukusema uongo. Aliyekosea ni msomaji wake. Kuuliza si ujinga.