Mzimu Nilioacha Kuuigiza

Nina ualbino, na nimekulia Makanyagio, mjini Mpanda. Filamu za kutisha nilizijulia kwenye banda umiza, tukibanana kwenye mabenchi kutazama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Nilizipenda, na bado nazipenda, kwa sababu jini wake anaongea Kiswahili chetu. Lakini mzimu alipotokea kwenye filamu hizo za mitaani, mara nyingi alikuwa mtu aliyepakwa unga usoni, na hapo watoto wenzangu waligeuka kunitazama mimi.

Za Marekani hazikuwa na nafuu. Katika The Da Vinci Code ya mwaka 2006, muuaji ni mtawa mwenye ualbino, na aliyemwigiza, Paul Bettany, hana ualbino. Miaka hiyohiyo zikaanza kutufikia habari za Kanda ya Ziwa: watu kama mimi wanauawa, viungo vyao vinauzwa kwa ajili ya dawa za utajiri. Mama akanipiga marufuku kutoka jioni. Wapo waliokuwa wakisema mbele yetu kwamba sisi hatufi, tunatoweka tu. Ukishamwona mtu hivyo, kumkata panga hakukushtui sana.

Baadaye kikundi kimoja cha filamu kilinipa nafasi. Ya mzimu, bila shaka. Niliipokea kwa furaha. Ilikuwa kamera, na mimi nilitaka kuigiza.

Kilichonigeuza ni White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa hapa Tanzania na kupewa tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kule Venice mwaka 2013. Rafiki alinipa kwenye flashi nikiwa masomoni Dar es Salaam. Kijana Alias anaigizwa na Hamisi Bazili, ambaye mwenyewe ana ualbino. Baba yake ameuawa, mama anamkimbizia mjini kwa mjomba, na huko anauza miwani na DVD barabarani. Anapenda binti. Anakimbia, na kamera inakimbia naye. Nilikuwa nimezoea kuwa yule anayeogopwa. Sasa niliona ukumbi mzima unaweza kuogopa pamoja nami. Nilikaa na hilo kwa muda mrefu.

Nafasi ya mzimu ilipoletwa tena, nilikataa. Nikawaambia nipeni dereva, mwalimu, hata shemeji mkorofi. Ubaya sikatai kuuigiza, mradi uwe na sababu nyingine zaidi ya ngozi.

Sasa naandika filamu yangu ya kutisha, na sikuhitaji kwenda mbali. Mkoa wetu, Katavi, umebeba jina la Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemwa inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka pale kumwomba baraka. Hofu ya kwetu ina heshima ndani yake. Katika hadithi yangu anayeijua njia ya kwenda kwenye mkwaju ni bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na si mchawi. Vikongwe wa macho hayo wameuawa vya kutosha nchini mwetu, wakidhaniwa wachawi. Anayemfuata ni fundi redio wa Makanyagio, mwenye ualbino, anayeogopa giza na viboko wa Mto Katuma kama mtu yeyote. Nafasi hiyo nimejiwekea mwenyewe. Hatoweki. Anarudi mjini, ana redio za watu za kutengeneza.