Mwiba wa Mlimau

Santuri za zamani ambazo bado zinasikika Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilinusurika kwa sababu wenyewe walikosa sindano. Sindano ya chuma ya gramafoni hupiga upande mmoja, kisha hutupwa. Ncha ikishalika, huchimba santuri badala ya kuifuata. Sasa nani angetupa sindano baada ya dakika tatu za muziki? Mwenye duka mmoja mjini Busia alirudia zake hata santuri zikageuka kijivu, sauti ikikaanga kama mandazi kwenye karai.

Mjomba wangu, kibarua wa reli Malaba, hakuwa na hata hizo za kurudia. Alikata miiba ya mlimau, akaianika juu ya meko mpaka ikakauka kau, akaichonga kwa wembe na kuibana kwa skrubu ya kichwa cha gramafoni. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi tusogee. Ncha ikichoka katikati ya wimbo, alisimamisha kila kitu akanoa, wachezaji wakingoja wameshikana. Ila mwiba huliwa wenyewe, hauli santuri.

Alikuwa na zile za GV, ambazo kampuni ya HMV ilianza kuzitoa mwaka 1933, zimejaa muziki wa Kuba. Ya kwanza kabisa ilikuwa El Manisero ya Don Azpiazu, iliyorekodiwa New York mwaka 1930. Alikuwa pia na Jean Bosco Mwenda wa Katanga, gitaa tupu, na bendi za Léopoldville. Wakati huo karibu kila bendi ilijiita Jazz, hata isiyo na tarumbeta: African Jazz, OK Jazz ya mwaka 1956, Dar es Salaam Jazz, baadaye Victoria Jazz na Shirati Jazz za huku kwetu. Jumamosi walikuja jamaa kutoka upande wa Tororo kwa miguu. Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na hakuna aliyeulizwa anatoka nchi gani, ila kama amekuja na chochote cha kunywa.

Kilichoiua gramafoni ni santuri ndogo za plastiki, za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotoka Nairobi. Kichwa chake kizito kilizikwangua vibaya. Mjomba akanunua mashine ya betri, ambayo sindano yake ilitoka dukani tu, wala huichongi nyumbani. Nikiri kwamba Lunchtime ya Gabriel Omolo ilisikika vizuri zaidi humo. Halafu zikaja kaseti: mtu mmoja alinunua, kumi wakanakili, zikavuka mpaka zikiwa mifukoni mwa waendesha boda boda wa baiskeli.

Leo santuri zimerudi kuwa mali. Kenyatta Market jijini Nairobi, Jimmy Rugami amejulikana kwa kuziuza, na wanunuzi hufika hadi huku mpakani. Mmoja alikuja mwaka jana. Za yule mwenye duka alizimulika kwa tochi ya simu akazirudisha. Za mjomba, marehemu sasa, alizitaka zote. Binamu yangu akataja bei ya ndama. Mnunuzi akacheka, akaondoka, akapiga simu kutoka stendi ya Bungoma kuuliza kama gramafoni imo kwenye bei hiyo. Bado wanavutana.