Mwenyeji Anapoghairi

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, tulikuwa akina mama sita tumesimama kando ya barabara ya udongo hapa kwetu Nyamigogo. Masufuria yalikuwa yamefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki mbili. Vitenge na mashuka tulikuwa tumevishika mapajani ndani ya viroba, maana mawingu yalikuwa yametanda. Ndipo simu ya katibu wetu ilipopata ujumbe kutoka kwa mwenyeji wetu wa siku ile: "Shikamooni mama zangu. Naomba leo msije. Nitawaeleza."

Huo ulikuwa mwaliko wa nne kuvunjika katika miezi miwili.

Msomaji mpendwa, kabla hatujakueleza tulilolifanya, na hatujivunii hata kidogo, yafaa tukueleze kazi yetu. Hatuna duka. Kupanga chumba cha biashara kuna gharama zake, na watu wa huku hawaendi dukani kila siku kutazama sufuria. Kwa hiyo mmoja wetu husafiri hadi Kahama, kupitia Lusahunga na Nyakanazi, akanunua vyombo na vitambaa kwa bei ya jumla. Vingine hupewa mali kauli, yaani tunauza kwanza ndipo tunalipa. Kisha tunamtafuta mama mmoja atakayekubali kuwa mwenyeji. Yeye anaalika majirani zake kumi au kumi na watano nyumbani kwake. Sisi tunatandika mkeka, tunapanga vyombo, tunaeleza bei. Anayependa kitu hulipa nusu, na iliyobaki huimalizia kwa awamu mbili. Mwenyeji hupata zawadi yake: beseni, na mauzo yakiwa mazuri, chupa ya chai.

Biashara ya namna hii si ngeni duniani. Binti wa mmoja wetu, aliyekuwa akisomea biashara chuoni, alitusimulia habari za mama mmoja wa Marekani aliyeitwa Brownie Wise. Alikuwa ameachana na mumewe, akimlea mtoto wake wa kiume peke yake, akiuza bidhaa majumbani kwa watu. Mwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki vya Tupperware, Earl Tupper, aliona mama huyu anauza kuliko maduka. Mwaka 1951 akaviondoa vyombo vyake madukani kabisa, vikawa vinauzwa katika mikusanyiko ya majumbani tu, na mama yule akapewa kuisimamia kazi yote. Mwaka 1954 picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Business Week, mwanamke wa kwanza kupata nafasi hiyo. Mwaka 1958 aliondolewa kazini. Kampuni yenyewe iliendelea miaka mingi, mpaka Septemba 2024 ilipokwenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake kwa kuelemewa na madeni.

Habari hizi zilitufundisha jambo moja ambalo tulikuwa hatujalitazama vizuri. Mali ni yetu, lakini sebule si yetu. Majirani hawaji kwa ajili yetu. Wanakuja kwa sababu wameitwa na mwenzao, ambaye kesho watachota naye maji na kuomba kwake kaa la moto. Mwenyeji akisema hapana, sisi ni watu sita wenye masufuria barabarani.

Na wenyeji walisema hapana kwa sababu nyingi. Mvua. Msiba. Mtoto ana homa, mama yuko zahanati. Palizi imechelewa na magugu yanataka kumeza maharage. Mama mkwe amefika ghafla. Mmoja alituambia mumewe amekataa, kwa kuwa alisikia tuna "mambo ya kupanda mbegu." Wengi wenu mnakumbuka DECI, ile iliyowaahidi watu kupanda fedha na kuvuna nyingi zaidi, ikasimamishwa na serikali mwaka 2009. Tangu hapo, wanawake wakikusanyika na daftari la fedha, kuna wanaume wanaoshtuka. Hatuwalaumu. Tulimwonyesha yule baba sufuria, tukamwambia huyu ndiye mbegu, unalipa na unaondoka nayo. Alicheka, lakini siku ile ilikuwa imekwisha kupotea.

Mke wa mchungaji, ambaye ni mmoja wetu, alipenda kututania kwa mfano ule wa karamu katika Injili ya Luka, sura ya 14, ambapo mmoja alinunua shamba, mwingine ng'ombe wa kulimia, mwingine ameoa, wote wakaomba udhuru. Lakini pale walioghairi ni wageni. Kwetu aliyeghairi ni mwenye nyumba, na sisi ndio tuliobaki na karamu kichwani.

Labda utasema, si mngoje tu wiki nyingine? Tatizo ni kwamba fedha haingoji. Tulikuwa tumekopa shilingi laki sita katika VICOBA. Unajua taratibu zake: wanachama hununua hisa kila wiki, na anayekopa hudhaminiwa na wenzake. Sisi tukishindwa kurejesha, wadhamini wetu ndio wanaosimamishwa mbele ya kikundi. Juu ya hapo kulikuwa na deni la mali kauli kule Kahama. Nauli za pikipiki tulilipa hata tusipouza. Na mmoja wetu, mjane, alikuwa ametia humo fedha ya godoro na sare za mwanawe aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Ada ilikwisha kufutwa, lakini mtoto halali juu ya tangazo la serikali.

Basi asubuhi ile tulipopata ujumbe, tulikasirika. Mmoja wetu akasema, "Atatuzoea huyu." Mwingine akasema kwamba majirani wamekwisha kualikwa, mikeka tunayo wenyewe, kinachokosekana ni nini? Mke wa mchungaji alisema turudi. Hatukumsikiliza. Tulipanda pikipiki tukaenda.

Mwenyeji wetu ni mama mdogo wa umri, mama wa mapacha. Tulimkuta uani anaosha vyungu. Alipotuona alisimama, akafuta mikono kwenye khanga, akatuamkia mmoja mmoja kwa adabu, akatukaribisha. Hakusema neno juu ya ujumbe wake. Majirani waliziona pikipiki, wakaanza kuja. Ndani mlikuwa na kigoda kimoja na benchi lililoazimwa. Tulitandika mikeka nje, chini ya mwembe, tukaanza kazi.

Baada ya muda kidogo tulimwona anamtuma mtoto kwa jirani, kisha kwa jirani wa pili. Mtoto alirudi na sukari ndani ya kikombe. Mmoja wetu alikwenda nyuma ya jiko kuomba maji ya kunywa, akamkuta mwenyeji amekaa juu ya kinu, analia bila sauti, majani ya chai yako mkononi.

Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumefanya kikao kwa mama mwenye nyumba ya bati jipya. Alitukirimu kwa chapati, soda na kuku. Nasi, kila tulipokwenda baada ya pale, tulizisimulia zile chapati. Tulisema kwa sauti, mbele za watu, "Fulani alitupokea kweli kweli!" Tulidhani tunashukuru. Kumbe tulikuwa tunapandisha bei ya kuwa mwenyeji. Tulipohesabu baadaye, tuliona kwamba wote wanne walioghairi walikubali kabla ya kikao kile na wakaghairi baada yake. Mvua ilikuwepo, ndiyo, na homa ilikuwepo. Lakini mama mwenye sukari ndani haogopi mvua sana.

Siku ile tuliuza kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Tuliuza seti tatu za sufuria, hotipoti, mashuka yote. Tulimpa mwenyeji beseni kubwa na chupa ya chai. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Tulirudi nyumbani na hakuna aliyesema kitu njiani, na kwa wanawake sita hilo si jambo la kawaida.

Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Wala iliyofuata. Kwenye umoja wa akina mama jina lake lilisomwa, kukawa kimya.

Tulikwenda kwake Jumatano jioni, watatu tu, bila mzigo. Tuliomba radhi. Tulitegemea atasema "yamekwisha, mama zangu," kama ilivyo desturi. Hakusema. Alituambia hivi: kwamba siku ile ndani hamkuwa na unga wala sukari, kwamba mumewe alikuwa amekwenda kutafuta kibarua Nyakanazi na alikuwa bado hajatuma fedha, na kwamba aliandika ujumbe ule usiku mzima kichwani kabla ya kuutuma asubuhi. "Niliwaambia msije," alisema. "Nyie ni mama zangu, ningewezaje kuwafukuza? Sasa sukari ya watu nimeilipa kwa lile beseni."

Alikuwa ameliuza beseni.

Tangu hapo tulibadilisha mambo kadhaa. Tuyaseme, maana tunajua kuna vikundi vingine, Ngara, Muleba na kwingineko, vinavyouza hivi hivi na kulia kilio hiki hiki.

Kubwa kuliko yote ni chai. Sasa sukari na majani ya chai tunakwenda navyo sisi, kila mahali, hata kwa mwenye bati jipya. Hakuna kula. Yule mama wa chapati alikasirika kidogo, akasema tunamnyima baraka. Tulimwomba awaalike watoto wa jirani wazile.

La pili ni daftari. Zamani tuliandika "ameghairi" kwa kila aliyevunja mwaliko, hata aliyefiwa. Kughairi ni kubadili nia. Aliyefiwa hakubadili nia, ameahirisha. Siku hizi kuna safu mbili. Tena hatuulizi sababu. Mwenyeji akitupa habari kabla ya jua kuzama siku iliyotangulia, tunajibu "asante kwa kutujulisha," basi. Ajabu ni kwamba tangu tuache kuuliza sababu, wanatujulisha mapema zaidi. Mtu anayejua atahojiwa hungoja mpaka dakika ya mwisho ndipo aandike.

Kisha kila Jumamosi tunapanga wenyeji wawili, wa kwanza na wa akiba, na wa akiba anajua kwamba ni wa akiba. Vyombo havifungwi kwenye pikipiki kabla hatujasikia sauti yake asubuhi. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Mume tunamwamkia mapema na kumweleza bei, asije akasikia habari zetu kilabuni. Na miezi ya palizi hatupangi kitu, tunangoja maharage yauzwe. Kwa ajili ya miezi hiyo tulimwomba mfanyabiashara wetu wa Kahama atupunguzie mzigo badala ya kutuongezea muda. Alishangaa. Alisema wateja wengi huomba kinyume chake.

Mkopo tuliurejesha kwa kuchelewa wiki tatu, tukatozwa faini. Mtoto wa mjane alikwenda shule na godoro la kuazima. Sisi watano tulichangia lingine mwezi wa saba.

Na mama wa mapacha? Alirudi kanisani baada ya Pasaka, akakaa viti vya nyuma. Mwezi wa sita, bila kuombwa, alimpigia katibu simu. Alitaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mumewe alikuwa amerudi, maharage yalikuwa yameuzwa. "Lakini sukari mje nayo," alisema, na katibu anaapa kwamba alisikia anacheka.

Ijumaa yake, saa kumi na moja jioni, alipiga tena. Baba mkwe wake alikuwa amefariki mchana ule.

Hatukumwita mwenyeji wa akiba. Jumamosi asubuhi tulikwenda sote sita, tumebeba kuni, unga na maji. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko vyombo vya familia, na masufuria makubwa ya kupikia hayakutosha. Mjane wetu, bila kutuuliza, alimtuma kijana wa pikipiki nyumbani kwake, ambako mzigo wetu ulikuwa chini ya kitanda. Alirudi na sufuria nne mpya za namba kubwa, karatasi za kiwandani zikiwa bado zimebandikwa. Tulizibandua karatasi, tukainjika ugali juu ya mafiga matatu.

Ziliwaka moto siku mbili. Tulizisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka, lakini sufuria iliyokwisha kupika msibani haiuziki tena kama mpya. Mweka hazina aliuliza aziandike wapi, kwenye mauzo au kwenye hasara. Tulibishana karibu saa nzima. Mpaka leo hazijaandikwa popote. Ziko kwa mama wa mapacha, na mtu akifiwa huko kwao, anajua pa kwenda kuziazima.