Bima ya Mtu Aliye Juu ya Paa

Naezeka nyumba Likasi, nchini Kongo. Kila mwaka mvua za Oktoba zinapokaribia, simu haziishi: watu wa mtaa wa Kikula wanataka mabati mapya kabla upepo haujaanza. Huko mtaa wa Panda kuna nyumba za zamani za kampuni ya madini ya Union Minière. Mapaa yake ya saruji na asbesto yamechakaa, ukikanyaga katikati ya mbao yanapasuka. Kijana wa fundi mwenzangu alikanyaga hapo. Alianguka hadi sebuleni akavunjika nyonga, na matibabu yake yalilipwa kwa mchango wa kanisa na kwa pikipiki ambayo bosi wake aliiuza. Bosi huyo alikuwa na bima ya gari, basi. Wengi wetu tuna hiyo tu, kwa kuwa polisi huiuliza barabarani.

Zamani hapakuwa na cha kuchagua. Tangu 1966 bima yote nchini ilikuwa mikononi mwa kampuni ya serikali, SONAS. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na kampuni binafsi zikaanza kupewa vibali mwaka 2019, chini ya usimamizi wa mamlaka ya bima, ARCA. Leo dalali anaweza kukuwekea mezani mikataba miwili au mitatu. Bei naitazama mwisho.

Kwanza natafuta vibarua wangu wako wapi katika karatasi zile. Mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, humhudumia mfanyakazi aliyeandikishwa na kulipiwa michango, lakini kazi ya paa inategemea sana watu wa kutwa. Mkataba mmoja ulisema "wafanyakazi wa kudumu wa mwenye bima". Nikamwambia dalali: anayepanda juu zaidi ni yule niliyemchukua leo asubuhi. Tulivutana mpaka kampuni ikakubali kumkinga kila aliyeandikwa daftarini kabla ya kupanda. Basi daftari hilo linakaa chini ya ngazi, na hapandi mtu kabla sijaandika jina lake na saa. Vijana hulalamika kwamba nawachelewesha. Waache walalamike.

Halafu upepo. Bati likiruka likamkata mpita njia, kifungu cha 258 cha sheria yetu ya kiraia kinamtaka mwenye kosa alipe. Nami nilikuta mkataba usiolipa hasara yoyote ya upepo kabla paa halijakabidhiwa, yaani wakati uleule ambao mabati yamelazwa juu na misumari bado haijakamilika! Niliurudisha siku hiyohiyo, ingawa ulikuwa rahisi kuliko yote.

Tena kuna miaka kumi. Jengo likibomoka kwa ubovu wa ujenzi, sheria inambana mkandarasi kwa muda huo wote. Bima inayokoma siku ya kukabidhi kazi inaniacha peke yangu na miaka hiyo, kwa hiyo nauliza waziwazi kama dhima hiyo imo, na nataka jibu la maandishi. Drili na jenereta sizikatii bima. Zikiibwa nitanunua nyingine.

Gharama ya bima naiandika kwenye devi, yaani makadirio ya bei, katika mstari wake peke yake, mteja aione. Wengine huniomba niufute ili bei ishuke. Nawaeleza habari ya kijana wa Panda. Wakizidi kung'ang'ania, kazi hiyo siichukui.