Nani Analipia Kituo cha Walimu?

Nilipokuwa darasa la tatu, kuna Jumamosi mama alikuwa ananichukua twende kituo cha walimu. Yeye na wenzake wa shule za jirani walizunguka meza moja kubwa, wakikata maboksi kutengeneza zana za hesabu. Kazi yangu ilikuwa kushika gundi. Mwalimu aliyekwama kwenye hesabu za sehemu aliuliza bila aibu, mwenzake akamwonyesha kwa chungwa.

Mwaka jana nilipangiwa BTP wilaya ileile. Nikapita kituoni. Kufuli. Nilichungulia dirishani nikaona madawati mabovu yamerundikwa juu ya ile meza.

Nikamuuliza mama. "Mwanangu, kile kituo kililelewa na michango ya shule. Michango ilipokoma, hakuna aliyeuliza sasa kitakula nini."

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada na michango ya lazima ilifutwa, shule za msingi zikabaki na ruzuku ya serikali: shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ikiwamo sehemu ya vitabu. Siipingi hata kidogo. Mdogo wangu amesoma kwa mpango huo. Lakini pesa hii inafuata kichwa, kama bumu letu: jina lisipokuwepo, hupati kitu. Kituo hakina hata mwanafunzi mmoja kwenye daftari la mahudhurio. Kinahudumia shule nyingi, ila zikigawiwa pesa, hakihesabiwi.

Najua kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na vituo vya walimu vimo kwenye mpango huo. Sawa. Ila mpango bila umeme, wino wa printa na nauli ya mwalimu anayetoka shule ya mbali unabaki kwenye makaratasi. Ninachoomba ni kidogo: kituo kiwe na fungu lake, limeandikwa kwa jina kwenye bajeti ya halmashauri, lisilosubiri mfadhili wala huruma ya mwalimu mkuu.

Wenzangu wa ualimu, kila jioni kantini tunabishana kuhusu ajira. Ni haki yetu. Lakini tujiulize na hili: ukishapangiwa shule yenye walimu wanne, mada ikakushinda, utamuuliza nani? Tuanze kulisemea sasa, kabla hatujakabidhiwa chaki.