Fulana ya Kaka

Fulana ile kaka aliinunua mtumbani, Mchikichini. Ina mtoto anayetambaa, mistari inamtoka mwilini kama miale ya jua. Mimi nilidhani ni tangazo la sabuni.

Kumbe mchoraji wake ni Keith Haring, Mmarekani aliyezaliwa 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akishuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, New York. Akiona ubao wa matangazo umebandikwa karatasi nyeusi tupu, anatoa chaki, anachora fasta fasta kabla polisi hawajamdaka. Na walimdaka, si mara moja. Baadaye akaja na rangi kali: kuta, fulana, hata mwili wa Grace Jones aliuchora. Mwaka 1986 akafungua duka, Pop Shop, ili hata mwenye vijisenti aondoke na kazi yake. Wajuzi wakamsema: huyo mchuuzi tu. Yeye akaendelea kuuza.

Alipopata UKIMWI hakuficha. Alisema hadharani, akachora na mabango ya kuzindua watu. Alikufa Februari 1990, ana miaka 31.

Kaka naye aliondoka na ugonjwa huohuo. Nyumbani tukasema kifua. Tanzia niliiandika mimi, nami nikaandika kifua. Wenzangu mnaotaka kuandika, siku ile kalamu yangu ilidanganya.

Fulana bado ninayo. Imepauka, ila mtoto bado anang'aa. Mama, nisamehe: kaka alikufa kwa UKIMWI.