Kimya cha Mzazi na Haki ya Mtoto



Sisi tuliolelewa Uvira, Fizi au kambini Nyarugusu tulifundishwa kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Mzazi aliyeitwa shuleni alisikiliza, akashukuru, akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Hapa Louisville adabu hiyo inasomwa vingine: mzazi akinyamaza, huhesabiwa kuwa ameridhika.

Mwanangu alikuwa na miaka minane tulipofika. Mwaka mzima hakutamka neno darasani, na kila kengele ya zoezi la moto ilipolia alijificha chini ya meza. Shuleni niliambiwa kuwa tatizo ni Kiingereza, nivute subira. Lakini hata nyumbani, kwa Kiswahili, alikuwa ameacha kuzungumza. Nilijua kwamba Kiingereza hakikuwa kiini cha jambo lile.

Aliyenielekeza ni dada yangu wa Columbus, ambaye binti yake hasikii vizuri. Alisema, "Usiombe kwa mdomo. Andika." Nikaandika mistari minne nikiomba mtoto afanyiwe tathmini ya elimu maalumu. Jirani akanitafsiria, nikatia tarehe, nikabaki na nakala.

Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani inaziagiza shule za umma zimpe mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bila malipo. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA. Haihusu macho na miguu pekee, bali pia matatizo makubwa ya kihisia yanayomzuia mtoto kujifunza. Shule ikipokea ombi lako, ama itake ridhaa yako ili impime mtoto, ama ikueleze kwa maandishi sababu za kukataa. Ukishatia sahihi ya ridhaa, siku huanza kuhesabiwa: 60 katika Ohio na New York, na siku 60 za masomo hapa Kentucky. Mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa, na kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu. Mkutano wa kupanga msaada wake, yaani hati ya IEP, ukifika, ni wajibu wa shule kuleta mkalimani. Usimtwike kazi hiyo mtoto wako mkubwa.

Majina hutofautiana kwa majimbo. Hapa kwetu mkutano huo huitwa ARC. Shemeji yangu aliyeko Buffalo huitwa mbele ya Kamati ya Elimu Maalumu. Haki ni ile ile.

Najua wapo wazazi wanaoogopa maneno ya watu: mtoto ataitwa mwendawazimu, au itasemwa kuwa ukoo umelaaniwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu yetu isiwe mzigo wa kubebwa na mtoto.

Leo mwanangu hukaa na mshauri kila wiki, na huarifiwa mapema kabla ya kengele ya zoezi kulia. Bado ni mkimya, lakini anasoma, na usiku analala. Hati yake hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, nami huhudhuria.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiitwa nendeni. Msipoelewa, msitie sahihi; ombeni mfafanuliwe tena, kwa Kiswahili. Kufanya hivyo si kumkosea mwalimu heshima. Ni kumsaidia amjue mtoto ambaye ninyi mnamjua zaidi.